Vigae Kumi Hadi Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa vigae, aliyetutoka Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Mafundi wenzake walimwita Mia. Jina hilo alilipata uzeeni, kwa kosa la hesabu, na alilichekea mwenyewe kuliko wote.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana mkewe alipatwa na kiharusi. Akarudi nyumbani mguu mzito, ulimi ule ule wa siku zote. "Mlangoni nitafika mwenyewe," alisema. "Sitaki kubebwa kama gunia."

Lakini katikati ya chumba palikuwa na kabati. Ilibidi alizunguke: vigae sita, kona, kisha vigae nane. Kumi na vinne. Kila hatua kigae kimoja, na kwenye hatua ya kumi na moja goti linalegea. Alianguka mara mbili. Mara ya pili alilia.

Mzee roho ilimuuma. Akachomoa penseli sikioni, akakaa kwenye sakafu aliyoitandika kwa mikono yake, apige hesabu: kabati likiondolewa, kukatiza moja kwa moja ni hatua ngapi? Kona ya chumba akaiita sifuri. Kitanda kilikuwa vigae viwili upande huu, kimoja upande ule. Mlango ulikuwa nane upande huu, tisa upande ule. Akatoa, akapata sita na nane. Sita mara sita, thelathini na sita. Nane mara nane, sitini na nne. Akajumlisha. Mia!

Hatua mia. Fundi wa watu akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka binti yake muuza dawa aliporudi kazini.

Binti anasimulia: "Nikamwambia, baba, kuzunguka ni kumi na nne, sasa kukatiza iweje mia? Hujatafuta kipeuo cha pili. Kipeuo cha mia ni kumi. Akanikodolea macho. 'Kumi? Na mimi nimeshamlilia mama yako!' Tulicheka, mbavu hatuna."

Kumi, wasikilizaji wapendwa. Si kumi na nne. Kumi.

Siku ile ile kabati likatolewa, nguo zikiwa ndani, mama akifoka kitandani: "We mzee, gauni langu la harusi humo!" Kila asubuhi mzee akawa anasimama mlangoni, mikono mbele, naye mama anakuja kwa kukatiza. Mwanzoni hatua saba tu, maana sasa hapakuwa na kabati la kujishikilia. Wiki iliyofuata, nane. Jumatano iliyopita, tisa, akamdaka.

Alhamisi mchana mzee alijinyoosha kwenye kiti sebuleni apumzike kidogo. Hakuamka.

Binti alikuwa hapo sebuleni, na majirani wawili, wanashauriana kwa sauti ya chini nani aende kumwambia mama. "Mara tukasikia mtu anahema," anasema. "Kugeuka, mama huyo, ameshika fremu ya mlango, jasho linamtoka, anacheka. Akasema, 'Nimefika. Mwite baba yako aone.' Hakuna aliyekuwa amemwambia."

Mama, pole sana. Binti, pole, nawe ndiye uliyelazimika kumjibu. Tunawaombea nguvu, nyote wa nyumba ile.

Nasi tuliobaki, tumtazame mgonjwa wetu anavyopita chumbani, anapojishikilia, anapochoka. Kama kuna kitu cha kumwondolea njiani, tukiondoe leo.