Dada Filimbi na Adhabu Iliyo Kali Zaidi

Ndugu, jamaa, majirani na wanamichezo mliokuja kutushika mkono, naomba tutulie kidogo, niwasomee maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Dada Filimbi.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kifungua mimba wa fundi mitambo na mshonaji, nami ndiye kitinda mimba. Alianza shule ya msingi Januari 1960, shule yenye ngumi nyingi kuliko vitabu, watoto wakipasuana midomo kila mapumziko, hadi mwalimu wa michezo alipochora kwa chokaa kiwanja cha mpira wa mikono, akasema mwenye hasira akaimalizie golini. Siku ya kwanza dada aling'olewa jino, akalitema, akaendelea kucheza.

Alihitimu ualimu mwaka 1973, akafundisha hadi kustaafu. Tarehe 14 Agosti 1976 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha taifa cha mpira wa mikono, ndani ya karakana ya useremala, katika mkutano ambao klabu zilirushiana viti, na mwenyekiti wa kwanza akachaguliwa akiwa na bandeji kichwani. Chama kilisajili wachezaji, kikafunza waamuzi, kikachagua timu ya taifa, lakini kwa dada, aliyekuwa katibu wake na mwamuzi, kazi ya kwanza ilikuwa kuhakikisha kwamba aliyeingia uwanjani na meno yake anatoka nayo.

Tarehe 2 Desemba 1978 aliolewa na seremala, mwamuzi mwenzake. Mchezo huu una waamuzi wawili wenye mamlaka sawa, na wakitofautiana kuhusu adhabu, iliyo kali zaidi ndiyo hutolewa, hivyo marafiki wakatania kwamba watoto wa nyumba ile wamekwisha. Walijaliwa wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni mchomeleaji, na wote wanakiri kwamba haukuwa utani.

Tarehe 12 Oktoba 1986 dada na mumewe walichezesha fainali, ingawa kocha wa timu ya bandari alikuwa mdogo wa mume, kosa ambalo chama hakikulirudia tena. Dakika za mwisho waliwapa wapinzani wa bandari mtupo wa mita saba, yaani penalti ya mchezo huu, shemeji akainua kiti cha chuma, akampiga kaka yake utosini, mashabiki wakamiminika kama siafu, wakamkanyaga alipoangukia. Dada alimlalia kumkinga, akavunjwa mkono na mbavu, na mumewe akafariki siku ya pili. Shemeji alihukumiwa miaka kumi jela, na chama kikamfungia maisha asikanyage uwanja wowote wa mchezo huu.

Alipotoka jela, wakubwa wa klabu yake walitaka adhabu ifutwe, dada akakataa, wakavunja madirisha ya ofisi, wakampasua kichwa kwa jiwe mchana kweupe, naye akaenda kushonwa kisha akarudi mezani. Shemeji hakuwatuma, yeye alikuwa akija nyumbani kusaidia kulea watoto wa kaka yake, na dada alimpakulia chakula.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, akalazwa Januari 2022. Chama kilikuwa kimetangaza kwamba siku yake ikifika ataagwa uwanjani, hivyo shemeji akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba afunguliwe siku hiyo moja tu, abebe jeneza. Dada akamjibu, “Shemeji, mimi nilikusamehe zamani, lakini chama si changu. Uwanjani huingii.” Kisha akamgeukia mwenyekiti wa chama, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, akamwambia aagwe nyumbani.

Alifariki tarehe 21 Februari 2022. Ndiyo maana tumebanana katika ua huu mdogo, uwanja uko wazi na hauna mtu, na shemeji ndiye atakayeshika jeneza upande wa kichwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupa viti na bega la kulilia, walimu wenzake, na chama kilichokubali kuja huku.

Pumzika, dada, kwa amani ile uliyoipigania hadi ukavunjwa mkono.