Dakika Nne: Maisha ya Mpiga Filamu za Mkanda Mwembamba (1951–2024)

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo alijulikana kwa jina la Dakika Nne kuliko jina lililomo katika cheti chake cha kuzaliwa, na ni yeye mwenyewe aliyeagiza kwamba hilo ndilo liandikwe katika karatasi hii. Aliagiza pia asisomewe sifa za kuokoteza. "Mkianza kusema nilikuwa mpole," alimwambia mdogo wake wa kike, "nitainuka nikae." Kwa hiyo yanayofuata yamepangwa kwa tarehe, na hakuna lililotiwa sukari.

Alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, saa tatu asubuhi, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi bati. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu: kaka mbele yake kwa miaka minne, na mdogo wa kike aliyemfuata kwa miaka kumi na mmoja. Baba yao alikuwa hodari wa kazi na mwepesi wa mkono. Mshipi wake wa ngozi ulining'inia msumarini karibu na kalenda, na watoto waliutazama huo kabla ya kutazama tarehe.

Mlango wa chumba hicho ulikuwa wa bati, na ulikuwa na tundu moja la msumari. Alipokuwa na umri wa miaka saba aliugua surua, akalazwa humo mchana, madirisha yamefungwa. Kupitia tundu lile mwanga wa nje uliichora barabara nzima ukutani, juu chini, kama ilivyo desturi ya mwanga unaopita mahali padogo. Siku ya tatu ya ugonjwa wake watu walimkamata barabarani mtu aliyedaiwa kuiba gurudumu la baiskeli. Mtoto aliyaona yote ukutani: watu wakimkanyaga mwenzao, miguu yao ikiwa darini na vichwa vyao sakafuni, na mawe yakipanda badala ya kushuka. Kaka yake aliingia mbio, akaliziba tundu kwa karatasi aliyoilowesha mate.

"Usitazame!"

"Mbona wao hawajaambiwa wasifanye?" aliuliza mgonjwa.

Mtu yule alikufa kabla ya karatasi kukauka mate.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari kwa miaka miwili. Alikuwa mtumiaji wa mkono wa kushoto, na mwalimu wake wa darasa la tatu aliuona mkono huo kuwa kosa la kurekebishwa. Alimpiga kwa ubavu wa rula juu ya vifundo vya vidole mpaka daftari likaingia damu. Mtoto akajifunza kuandika kwa kulia darasani, akaendelea na kushoto nyumbani. Baada ya mwaka alimpelekea mwalimu ukurasa wenye mistari miwili iliyofanana kama mapacha. "Chagua, mwalimu, ni upi nimeuandika kwa mkono mbaya." Alichapwa tena kwa utovu wa adabu, lakini mwalimu hakuweza kuchagua.

Tarehe 1 Februari 1969 aliajiriwa katika duka la picha la mzee mmoja aliyeitwa na wote Mzee Fleshi. Alianza kwa kuosha picha katika chumba cha nyuma, mikono ikiwa ndani ya dawa hadi kucha zikageuka rangi ya kahawia. Alikaa hapo miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1974 Mzee Fleshi alimpa kamera kuukuu ya filamu ndogo, ya kujazwa springi kwa ufunguo kama saa ya mezani, iliyobonyea ubavuni kwa kuangushwa. "Chukua hiki kinu cha kahawa," alimwambia. "Kama kitasaga, usage. Kama hakisagi, gongea misumari."

Kilisaga. Na hapa inafaa kueleza namna kilivyosaga, kwa kuwa maisha yake yaligeukia hapo. Mkanda wa kamera ile ulipita mara mbili. Mara ya kwanza ulipigwa nusu ya upana wake, kwa muda wa dakika mbili. Kisha mpigaji alifungua kamera, akageuza kigurudumu, akapiga nusu ya pili kwa dakika mbili nyingine. Baadaye mkanda ulipasuliwa katikati kwa urefu na vipande vikaungwa. Jumla ni dakika nne, ndipo lilipotoka jina lake. Akisahau kwamba amekwisha kupiga pande zote mbili, akaurudisha mkanda kwa mara ya tatu, picha mpya hukaa juu ya zile za kwanza, na zote huonekana pamoja. Ili asisahau, alifunga uzi kwenye kila kopo la mkanda: fundo moja kwa upande mmoja, mafundo mawili kwa kazi iliyokwisha.

Filamu zake fupi hazikuwa na hadithi wala waigizaji. Ya kwanza ilikuwa ya nyundo ya baba yake. Aliiweka kamera chini ya kioo kinene, akamwomba baba apige juu yake, hivyo kila pigo lilimshukia mtazamaji usoni. Kisha akaikwaruza filamu yenyewe kwa sindano, pigo kwa pigo, mpaka nuru ikapasuka kama jeraha. Mkanda mwingine aliuchemsha, mwingine akauchoma kwa pasi, mwingine akauzika mwezi mzima karibu na shimo la taka. Ilipoonyeshwa ile ya nyundo uani kwa Mzee Fleshi, mwanamke mmoja jirani alijikinga uso kwa viganja.

"Dakika Nne, mwanangu, huwezi kutupigia hata ua moja?"

"Ua nitalipiga, mama. Ngoja kwanza nipate kisu."

Filamu ya tatu aliipiga machinjioni, na huko ndiko alikokutana na muuza nyama aliyekuja kuwa mumewe. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Agosti 1977. Bwana harusi alikuwa mchangamfu, mwenye utani wa kuvunja mbavu, na familia nzima ilimpenda. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1979 na mwana mwaka 1983.

Mume huyo alimpiga mkewe kwa karibu miaka kumi na miwili. Alimpiga hasa Ijumaa, siku aliyofunga bucha saa nane mchana. Alimpiga kwa ngumi, kwa teke, na mara mbili kwa bapa la kisu chake cha kazi. Marehemu alikimbilia kwao mara mbili, mwaka 1982 na mwaka 1986. Mara zote mbili kikao cha familia kilikaa, mume akaapa na kuchekesha watu, na kaka mkubwa akatoa uamuzi: "Ndoa ni uvumilivu, dada yangu. Rudi." Alirudi, mara ya pili akiwa na ubavu mmoja uliovunjika ambao hakuna aliyeomba kuuona.

Jumamosi tarehe 10 Desemba 1988 mdogo wao wa kike aliolewa. Dakika Nne aliipiga harusi hiyo kama zawadi, mkanda mzima, pande zote mbili: wageni wakiingia ukumbini, wajomba wakicheza, mashemeji wakipunga vitambaa. Aliporudi nyumbani jioni, mumewe alidai kwamba kamera ilimtazama mpiga ngoma kwa muda mrefu mno. Alimvunja vidole viwili vya mkono wa kulia kwa kuvibana na mlango. Kwenye kopo la mkanda ule alikuwa amefunga fundo la kwanza. La pili hakuweza kulifunga.

Mwezi uliofuata aliamua kupeleka ushahidi. Aliiweka kamera juu ya kabati, kati ya masanduku mawili, ikitazama chumba ambacho jua la mchana lilikijaza. Springi iliyojaa hukimbia nusu dakika tu. Kwa hiyo kila Ijumaa, aliposikia kufuli la bucha likifungwa ng'ambo ya barabara, alisubiri hadi hatua za mumewe zifike ngazini, ndipo akaiwasha. Kopo alilolichukua lilikuwa lile lenye fundo moja. Alipiga tarehe 6, 13 na 20 Januari. Katika kila mojawapo springi ilikwisha kabla ya kipigo kwisha.

Tarehe 27 mume alisikia mlio wake. "Nini hiki kinachotafuna huko juu?" Aliishusha kamera, akafungua mlango wake mbele ya dirisha, akauvuta mkanda nje kama ulimi. "Haya, imeona jua. Imekufa. Utawaonyesha nini sasa, mama senema?" Kisha akampiga kwa kamera yenyewe. Muuza nyama hakujua kwamba mkanda uliojiviringa hujikinga wenyewe. Jua liliila ile mizunguko ya nje tu. Ijumaa ya nne ilikufa. Tatu zilibaki.

Aliusafisha mkanda huo kwa ndoo katika chumba cha nyuma cha duka, akiwa na mkono mmoja mzima. Alipouinua kwenye taa aliona alichokifanya. Harusi ya mdogo wake na kipigo chake vilikuwa katika picha moja. Alikaa chini akalia, jambo ambalo Mzee Fleshi hakuwahi kuliona tangu amwajiri.

"Nimeiharibu zawadi ya mtoto wa watu," alisema, "na nimejiharibia mwenyewe. Nani atasadiki hii takataka?"

"Una nyingine?" aliuliza mzee.

"Sina."

"Basi nenda nayo hiyohiyo."

Kikao cha tatu kilikaa Jumapili tarehe 19 Februari 1989, sebuleni kwa kaka yake. Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu: kikisema arudi, atarudi, na yeye aliamini hatatoka tena katika nyumba ile akiwa hai. Mume alikuwa amevaa shati jeupe. Walikuwapo mjomba wao mkubwa, mama mkwe, kaka, na bibi harusi wa Desemba pamoja na mumewe. Dakika Nne aliomba kuonyesha mkanda kabla ya mtu yeyote kusema. "Ndiyo ile harusi?" aliuliza mdogo wake kwa furaha. "Hatimaye!" Mapazia yakafungwa, shuka likatundikwa.

Ukumbi ulitokea, na maua, na wageni wakiingia wakicheka. Na kupitia miili yao, kama kupitia maji, kilitokea chumba chenye kitanda, na mkono ukainuka. Ngumi ilishuka, na mashemeji wakapunga vitambaa. Mwanamke alianguka, na wajomba wakacheza juu yake. Alijikokota kuelekea mlangoni, akavutwa kwa nywele katikati ya shangwe, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeacha kucheka. Palikuwa na mwanamume mmoja wa makamo, mwenye suti ya kijivu, aliyesimama mbele ya kamera kwa muda mrefu akitabasamu. Uso wa dada yake uliokuwa ukivuja damu ulipita ndani ya tabasamu hilo.

"Simamisha!" alilia mdogo mtu. "Dada, umeifanya nini harusi yangu?"

"Acha iende," alisema mjomba.

Mume alisimama. "Hizi ni hila za mashine! Mjomba, wewe ni mtu mzima, umeona wapi watu wenye miili miwili?"

"Mmoja ninaufahamu," mjomba alijibu. "Huyo anayecheza hapo ni mimi. Kama mimi ni kweli, wewe ni hila kwa vipi?"

Mama mkwe aliinuka. Alimwambia mwanawe neno moja tu: "Kaa." Hakukaa. Aliinyakua projekta ikiwa bado inazunguka, akaishusha juu ya uso wa mkewe mara mbili kabla ya wanaume watatu kumlaza sakafuni. Dakika Nne alipoteza jicho la kulia. Kikao hakikuhitaji kupiga kura. Mume alifungwa miaka mitatu, ndoa ikavunjwa rasmi tarehe 4 Septemba 1989, na watoto wakabaki kwa mama yao.

Kamera, alipenda kusema baadaye, haihitaji macho mawili. Alitengeneza filamu thelathini na saba zaidi, kila moja ya dakika nne, akizikwangua kwa kisu cha bucha alichogawiwa katika mgawanyo wa mali. Mdogo wake hakumsemesha kwa miaka sita. "Kila mtu ana picha za harusi yake," alisema, "mimi nina za kipigo chako." Walipatana mwaka 1995, mdogo mtu alipokuja mlangoni na begi, akiwa na mdomo uliopasuka. Dakika Nne alimfungulia na hakumuuliza kitu.

Mwaka 2019 alianza kupata kifafa kilichotokana na majeraha ya zamani ya kichwa. Daktari aliyetazama picha za fuvu lake alimuuliza, "Mama, ajali hii ya gari ilitokea lini?" Alijibu, "Kila Ijumaa, daktari." Alilazwa mara tano. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa saba mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Hakufa kwa uzee. Aliuawa, ila kifo kilichelewa kufika.

Familia ya aliyekuwa mumewe ilileta ombi la heshima kwamba wasifu huu useme ndoa ilivunjika kwa kutoelewana. Ombi hilo lilisikilizwa na halikukubaliwa.

Wiki mbili kabla ya kifo chake, kaka yake alikaa kando ya kitanda, akamwomba msamaha kwa mara zile mbili za kumrudisha. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho. "Kaka," alisema, "humu ndani tuko wawili. Kunirudisha ulinirudisha mbele ya watu."

Kaka huyo ndiye anayesoma karatasi hii. Anasema mbele ya watu, na wengi wao ni walewale: alikosa. Alimrudisha dada yake kwa mtu aliyekuwa akimuua, kwa sababu mtu huyo alikuwa mcheshi.

Ameacha binti mmoja na mwana mmoja, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike, na kaka yake. Mungu amlaze mahali ambapo mkono wa mtu haumfikii.