Msichana Aliyesema Mwaka Ujao Hatakuwepo

Bwana asifiwe, watu wa Mungu. Wengi hapa Kanyangi mnaniita Mama Mutheu, na leo nimesimama kwa sababu ya jina hilo.

Ndugu zangu, Mutheu alikuwa mtoto wangu wa pekee, na alifariki akiwa gredi ya nane. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hivyo sitaueleza. Baadaye niliomba kulea mtoto, na afisa wa watoto akaniletea Ndinda kutoka makao ya watoto kule Mwingi. Alikuwa gredi ya saba, mpole, haombi kitu.

Mnajua sisi Wakamba humpa mtoto mchanga jina la aliyetangulia, lisipotee. Mimi nilimpa jina hilo msichana mkubwa aliyekuja na jina lake. Pasta alinionya, nikamnunia mwezi mzima. Nikamwita Mutheu, nikamvika sare ya Mutheu, nikampeleka shule ya Mutheu. Fomu ya mpango wa masomo yake ilipoletwa, mahali pa kujaza mtoto anataka kusomea nini, niliandika uuguzi. Ndinda sikumuuliza. Mutheu ndiye alitaka uuguzi.

Kisha nyumba ikabadilika. Ndinda akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, kama Mutheu. Nikimfikiria tu, kabla sijafungua mdomo, nasikia sauti jikoni, "Naam, mama." Siku moja nilifungua daftari la hesabu la marehemu. Mutheu aliliacha katikati ya ukurasa, na sasa ukurasa ulikuwa umejaa. Nilitafuta mahali mwandiko wa mtoto wangu ulipoishia, sikupaona. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mwaka jana, muhula wa tatu, afisa alikuja mwenyewe kutoka Kitui. Ilikuwa asubuhi, jua limewaka. Akamuuliza Ndinda, "Mwaka ujao ukiingia gredi ya tisa, ungependa tukupangie masomo gani?"

"Mwaka ujao sitakuwepo."

"Utakuwa wapi?"

"Mutheu hakufika gredi ya tisa."

Alisema bila machozi, vile mtu husema unga umeisha. Akanigeukia, akaniambia sare ameshaifua na kuikunja, ya yule atakayeletwa baada yake.

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alinifungua macho. Nilikuwa nikimpangia mtoto aliye hai njia ya kaburini, na nikiita hiyo mapenzi. Nilipiga magoti mbele ya afisa na sikuona aibu. Nikamwuliza mtoto, "Mwanangu, unaitwa nani?"

Afisa akaweka kalamu chini. Kisha mtoto akasema, "Nilikuwa Ndinda."

Tulijaza fomu upya, akiandika mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Kumbe anataka kutibu mifugo! Mwaka mzima alikuwa akiwachunguza mbuzi wangu, na mimi sikujua.

Sasa yuko gredi ya tisa. Asubuhi nyingine nikiita Ndinda, anachelewa kugeuka. Nangoja. Namshukuru Mungu kwa sababu mwishowe anageuka.

Kama kuna mzazi hapa anayemlea mtoto aliye hai kwa ajili ya aliyezikwa, asiogope. Mpe Bwana yule aliyekwenda, anaweza kumtunza. Kisha rudi nyumbani umuulize huyu uliye naye anataka nini.

Ndinda ameketi kiti cha nyuma, karibu na mlango. Tukitoka, msalimieni kwa jina lake.