Vigingi Chini ya Birika

Kijiwe cha Barnaba kilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, nyuma ya soko la Kakamega, pale barabara inapoteremka kwenda kwenye mafunjo. Kahawa yake ilikuwa chungu kuliko dawa ya malaria, na wateja waliinywa hivyo hivyo, wakikunja uso na kuomba kikombe kingine. Lakini Jumatatu hiyo ya mwaka wa tisini na sita, nyuso zilikuwa zimekunjwa kwa sababu nyingine. Lazarus, msusi wa mikeka, alikuwa amekaa mwisho wa ubao, kahawa imempolea mkononi. Jana, watu wakiwa kanisani, yeye na Masinde waliteremka kinamasini wakang'oa vigingi vyote vyenye vichwa vyekundu vilivyolizunguka bwawa. Walivileta hapa, na sasa vilikuwa vinaungua chini ya birika. Lazarus aliogopa siku vilipoonekana, aliogopa akiving'oa, na sasa vikigeuka majivu alizidi kuogopa.

— Kahawa yako inanuka rangi, alisema Kibiwott. Zamani alikuwa bawabu mjini, na kijiwe kizima bado kilimwita Kamanda.

— Kunywa tu, alijibu Barnaba. Inanuka kwa moshi, ndani haijaingia.

Masinde alikohoa. Huyu walimwita Redio, maana habari zilimfikia kabla hazijatokea.

— Rangi nyekundu si ya bure. Wakitaka kupanua barabara, si wanapakanga nyumba ya mtu alama nyekundu? Harafu tingatinga linakuja. Sasa hii ni kinamasi imepakwa. Mwenye kufukuzwa ni nani?

— Ni mimi, alisema Lazarus.

— Ni wewe. Sikutaka kukutaja.

— Lakini wanatakia nini tope? aliuliza Barnaba.

Kamanda aliweka kikombe chini, akatazama huku na huku, mtindo wake wa lindoni.

— Dhahabu. Kule Malinya watu wanachimbanga kwa mikono. Mvua ikinyesha, ile ndogo ndogo inateremka na maji. Inaenda kulala wapi? Kwa tope. Wakubwa wamepima, wakaona.

— Dhahabu ni ya kudanganya watoto, Redio alimkata. Mimi nimesikia ni mamba.

— Mamba wa nini?

— Wa kufuga. Ngozi yake inaendanga ng'ambo, inashonwa viatu. Sasa niulize, mamba mia mbili watakula nini hapa? Mafunjo?

Barnaba alisukuma kigingi motoni kwa mguu, akateremsha sauti.

— Nyinyi mnaongea mambo ya mchana. Kuna wale wanaabudu shetani. Wanatafutanga maji yenye hayatembei. Wanazungusha alama, wanaacha siku kadhaa, harafu mtu anapotea.

Lazarus alitazama vidole vyake, vyeusi kwa masizi na vyekundu kwenye kucha. Alikuwa amevisugua kwa mchanga hadi vikauma.

— Mimi sina shamba, alisema. Shamba langu ni ile mafunjo. Wakinifungia, mikeka imekwisha, na Mitchel, mtoto wangu, anafukuzwa shule kwa kukosa karo. Hiyo tu ndiyo najua. Na tena, si walitangaza kanisani mkutano wa bwawa? Si walisema twende tuonyeshe mahali tunatumianga?

— Huo ni mtego, alisema Redio. Ukionyesha mahali unakatanga mafunjo, umejishtaki mwenyewe kwamba unakata. Ndiyo sababu hatukuenda.

Kweli hawakuenda. Mkutano ulipofika, kijiwe kilijaa kuliko siku zote, na wote walijisifu kwa ujanja wao.

Ndipo akapanda kutoka bwawani Navalayo, mfinyanzi wa ng'ambo ya bwawa, udongo umemkaukia miguuni hadi magoti. Hakuwa mtu wa kijiwe, na mwanamke hakuzoea kusimama pale.

— Mulembe, wazee.

— Mulembe, mama.

— Nani amepita na vigingi vyetu?

— Vyenu? aliuliza Kamanda.

— Vyetu, sisi wa vyungu. Dada mmoja wa ofisi ya maji alituambia serikali haijui bwawa letu linaishia wapi, wenye kujua ni sisi. Tukatangaza kanisani wanaume waje. Hamkuja. Basi tukasimika wenyewe, kila mama mahali ameona maji yakifika. Ndani ya vigingi hakuna mtu kujaza udongo, hata awe tajiri namna gani. Ni udongo wa kufinyanga, chemchemi, na mafunjo ya huyu baba wa mikeka. Leo mpimaji anakuja kuchora mpaka akifuata vigingi. Kuna bwana anataka kujaza bwawa ajenge, naye pia anakuja, ameshaleta malori.

Walikuwa wameyaona malori mawili kando ya soko tangu asubuhi, yamejaa udongo. Redio alikuwa amesema ni ya kutengenezea mamba ukingo.

— Vingine tutakisia, Navalayo aliendelea. Lakini kile cha nyanya Kageha hatuwezi. Yeye peke yake aliona maji ya ile mvua kubwa ya wakati wa uhuru yalifika wapi, akakizungushia mawe. Na Kageha tumemzika Alhamisi. Nyinyi mnashinda hapa kila siku. Niambieni tu, kilikuwa kimesimama wapi?

Lazarus alikikumbuka. Kilikataa kung'oka, akayapiga mawe teke moja moja yakazama majini, akakivuta kwa mikono miwili. Lakini macho yake yalikuwa barabarani. Angeweza kumtajia Navalayo kila aliyepita jana: mzee wa baiskeli, wasichana wa kwaya, mbwa mwenye kilema. Ardhi iliyokuwa chini ya miguu yake hakuitazama hata mara moja, kwa woga.

Redio alinywa kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Kamanda alifunga kifungo cha koti. Barnaba aliinamisha birika, likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, alisema, ingawa hakuna aliyeomba.

Navalayo alitazama moto. Kichwa kimoja chekundu kilikuwa hakijashika. Aliinama akakivuta, akakipuliza, akaona kucha nyekundu za Lazarus, akamkabidhi. Kilimchoma kiganja, naye hakukiachia.

Waliteremka wawili. Ukingoni Lazarus alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia. Tope lilikuwa lile lile kila upande, na mafunjo yaliyomlea yalikuwa yale yale.

— Hapa? aliuliza Navalayo.

Navalayo alisogea hatua chache, akarudi.

— Au hapa, baba?

Nyuma yao lori la kwanza lilianza kushuka kinyumenyume, na Lazarus bado alikuwa ameshika kigingi.