Mshale wa Kurudi wa Mwalimu Timothée Paluku

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu, Mwalimu Timothée Paluku, aliyezaliwa Lubero tarehe 9 Juni 1957, akaletwa Kisangani akiwa mdogo na baba yake, muuza vitenge, akasoma hapa hapa mpaka akapata shahada ya kemia mwaka 1983.

Tangu mwaka huo alifundisha sekondari ng'ambo ya mto, Lubunga, akivuka kwa pirogi, mtumbwi wa kasia, kila asubuhi, na ninyi wanafunzi wake mnalikumbuka somo lake la asidi ya fosforiki, yenye hidrojeni tatu, ambazo ndani ya maji haziiachi zote kwa pamoja: ya kwanza huondoka bila shida kubwa, ya pili kwa taabu, ya tatu kwa nadra sana, kwa kuwa kila moja ikiondoka, kinachobaki huzidi kuzivuta zilizosalia. Kwa kila hatua ya mlinganyo alidai mishale miwili, wa kwenda na wa kurudi, maana hidrojeni iliyoondoka yaweza kurudi, na aliyesahau wa kurudi alipata sifuri, hata akiwa mtoto wa mkuu wa shule.

Tarehe 4 Agosti 1990 alifunga ndoa na Mama Clémence Mbambu, wakajaliwa watoto watatu, Sadrack, Précieuse na Plamedie. Sadrack alipokwenda Kampala kufanya biashara mwaka 2013, baba alimsindikiza akitania, Précieuse alipoolewa Bunia mwaka 2018, alinuna wiki nzima, lakini Plamedie, kitindamimba wake, alipopata nafasi ya kusoma Kinshasa mwaka 2021, mzee alimruhusu huku moyo unakataa, na nyumba ikamshinda kukaa. Jumatatu iliyofuata aliandika ubaoni hatua ya tatu kwa mshale wa kwenda tu, darasa zima likaona, naye alipogeuka akaliona kosa mwenyewe, akaongeza wa kurudi, kisha akatoka nje kumpigia binti yake simu: "Soma tu, mama, lakini njia ya kurudia iko."

Figo zilimsumbua tangu Januari, na kila jioni aliuliza kama boti ya Kinshasa imeonekana, maana Plamedie alikuwa njiani. Alifariki tarehe 3 Machi 2025, boti ikiwa bado njiani, Bumba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wapiga kasia wa Lubunga, na mwalimu mwenzake, Papa Assumani, aliyemshikia vipindi vyake bila kunung'unika.

Plamedie amefika jana. Mwalimu, watoto wako wote watatu wamerudi, wako hapa karibu nawe. Sasa pumzika kwa amani.