Mama wa Masjala, Ndege Wake Arobaini na Mmoja na Misumari Yangu

Tarehe thelathini mwezi huu Mama wa Masjala anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Mnamjua kwa faili za wagonjwa, na zaidi mnamjua kwa mapambo ya mbao anayoyatengeneza nyumbani kwake. Kila anachokijua kuhusu mbao nilimfundisha mimi, fundi seremala wenu.

Sentensi hiyo ya mwisho ni uongo. Nimeiacha kwa sababu imekaa vizuri, na kwa sababu karani wa jarida hili la hospitali amenipa ukurasa mzima wakati shule mimi niliishia darasa la nne. Ukweli ni kwamba sikumfundisha hata kushika msasa.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba wa kupeleka faili wodini. Enzi hizo faili zilikaa sakafuni kwenye maboksi ya sabuni, na aliyekuja na jino aliweza kuandikiwa dawa ya goti la mtu mwingine. Ndani ya miaka miwili alizipanga zote kwa namba. Aliniagiza rafu, akazirudisha mara mbili, eti zimepinda. Hazikupinda. Ukuta ndio umepinda. Tangu hapo haijapotea faili hata moja, isipokuwa yangu, ambayo nilimwomba mwenyewe aipoteze, maana ina mwaka wangu wa kuzaliwa. Alikataa. Ipo.

Tuje kwenye mapambo. Asidhani mtu kwamba mama huyu ana karakana. Ana meza ya jikoni, msumeno mdogo, kisu cha vitunguu na gazeti la kutandika. Anaokota matawi yaliyoanguka, anayakata vipande vyembamba kama biskuti, anavipanga pamoja na kokwa, maganda ya mayai yaliyopondwa na vifungo vya mashati ya mumewe. Rangi ya kahawia anaitoa kwenye majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakakoma kunyweka. Mng'ao ni kipande cha mshumaa na soksi kuukuu. Niliyaona haya kwa macho yangu siku niliyokwenda kwake kutengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa mbovu. Juu ya kabati yalilala matawi, kila moja limeandikwa tarehe kwa penseli. Aliniambia yanakaa pale mwaka mzima ndipo ayaguse. Nikasema moyoni, huo ni uvivu.

Isipokuwa rangi nyeusi. Nyeusi yake sijui anaitoa wapi. Haichafui kidole, na mistari ya mti bado unaiona. Nimejaribu mkaa, dawa ya viatu, wino, hata betri za redio zilizokufa. Nilichopata ni mikono michafu.

Nasema haya kwa wivu, msihangaike kulitafuta neno jingine. Nendeni chumba cha kusubiri mkaone wenyewe. Ukutani wapo ndege wake arobaini na mmoja wa vipande vya matawi, wanaruka kuelekea dirishani. Chini yao lipo benchi langu, mita nne za mbao ngumu, miaka kumi na tisa halijatikisika. Watu wanalikalia benchi langu na kutazama ndege wake. Mtoto mwenye homa hunyamaza akiwahesabu. Sijaona mtoto aliyenyamazishwa na benchi.

Basi miaka sita iliyopita nikaamua kumkomesha. Nilikata tawi nene asubuhi, jioni likawa kikopo cha kalamu chenye magome yake, nimekipaka vanishi mpaka unajiona ndani yake. Nikamzawadia Daktari Mkuu. Akakiweka mezani, akakisifia mbele za watu, nami nikapita masjala mara tatu siku hiyo bila kuwa na kazi yoyote huko.

Wiki ya saba kikaanza kutoa unga. Kila asubuhi kilima kidogo juu ya barua za Daktari Mkuu. Wadudu walikuwemo ndani ya mti mbichi, na mimi, seremala wa miaka yote hiyo, nilikuwa nimewajengea nyumba na kuipaka vanishi. Daktari Mkuu aliuliza unga huu unatoka wapi. Mama wa Masjala alikuwepo, ameleta faili. Akatazama kikopo, akatazama juu, akajibu kwamba ni dari hiyo, na akaomba akipeleke kikopo kwa fundi kikasafishwe.

Akaja nacho karakana amekifunga kwenye kanga. Huniita shemeji, kwa kuwa yeye na marehemu mke wangu walikuwa wakiitana dada. Akakiweka mbele yangu.

"Shemeji, umekata kuni ukaziita pambo."

Nikachukua ufagio nikaanza kufagia, jambo ambalo wenzangu wa karakana wanalikumbuka mpaka leo.

"Nipe wiki nane," akasema, "na huo mdomo uufunge."

Alikichemsha, akakimenya magome, akakikausha, akakitia ile nyeusi yake na mshipi wa kokwa. Daktari Mkuu alipokipokea alisema fundi ameongeza ufundi. Mwisho wa mwaka nikapewa cheti. Kinaning'inia karakana, na kila Mama wa Masjala akipita mlangoni hukitazama, hukohoa kidogo, huenda zake. Miaka sita hajamwambia mtu. Daktari Mkuu, sasa unajua. Cheti ukikihitaji, njoo na ngazi, nimekigongelea juu.

Mama wa Masjala, tunakushukuru kwa kila faili iliyopatikana kwa wakati na kila mgonjwa aliyesahau maumivu akihesabu ndege. Tunakuombea afya, macho makali, na matawi makavu. Ukichoka kumtazama mumeo, masjala ipo.

Limebaki dogo letu mimi na wewe. Miaka ishirini umekuwa ukiniomba misumari yenye kutu. Nimekuwekea kila mwezi kopo zima, nimeinama kuiokota na mgongo huu. Nikikuuliza ni ya nini, unasema, "Siku nikiacha kazi nitakuonyesha, shemeji." Nashuku misumari hiyo na ile nyeusi vina undugu. Zawadi ya wafanyakazi utakayopewa siku ya kuagana ni kisanduku, nimekitengeneza mimi, mti wake umekauka miezi kumi na minne juu ya kabati langu, tarehe ipo kwa penseli. Sijakipaka rangi. Ndani nimekuwekea misumari ya mwezi huu. Jumamosi inayofuata saa nne nitakuja kwako na sufuria yangu. Bawaba sitaigusa. Nionyeshe.