Fundi Gasketi na Turbo Iliyosingiziwa Ubovu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutufariji, familia imenituma mimi, binti mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha ya baba yangu, ambayo mwenyewe aliagiza yasomwe kama yalivyokuwa, yasipakwe sukari.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Gasketi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kitinda mimba wa mama mshonaji na baba mlinzi wa lango. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1965, akaendelea na shule ya ufundi, alikohitimu mwaka 1976, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika karakana ya kampuni ya malori, akapanda hadi kuwa msimamizi wa kitengo cha injini, akijulikana kwa ukali wake kwa kazi ya kulipua, maana akikuta boliti imekazwa nusu alikuwa akisonya kama aliyekuta nywele kwenye chakula.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mama yetu, mwoka mikate, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, nao wote wapo hapa.

Alipostaafu mwaka 2012 alinunua pikapu ndogo ya injini ya silinda nne, ili mama asambaze mikate yake, lakini kila ilipojaa mzigo ilipanda kilima cha sokoni ikikohoa, na malori yakiipigia honi, hivyo marehemu akaamua kuifunga turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa eksozi, nacho husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini ili ipate nguvu. Wenzake walicheka kwamba anamvisha mbuzi pembe za nyati, yeye akabadilisha pistoni akaweka zilizo imara zaidi, akatengeneza bomba la kuipelekea turbo oili, akafunga rejeta ya kupoza hewa, na kwa kuwa alijua hewa ikizidi injini hupasuka, akaunganisha mpira mwembamba wa kuiamuru turbo ipunguze kusukuma. Siku ya kwanza mama alipopandishwa kilima na mzigo wote, alimshika mumewe bega akasema, "Baba nanii, leo ni sisi tunaopiga honi," na marehemu alicheka mpaka akasimamisha gari pembeni.

Sifa zilienea, wateja wakaja na pikapu zao uani kwetu, na hapo ndipo linapoingia jambo ambalo marehemu alilichukia hadi mwisho wa uhai wake. Mwezi Februari 2016, mdogo wake mama, yaani shemeji wa marehemu, muuza vipuri, aliazima pikapu kubeba saruji, lakini hakubeba saruji, alikwenda nayo barabara kuu kushindana na rafiki zake, injini ikapasuka, mkono wa pistoni ukatoboa bloku, yaani ganda la injini, oili ikamwagika lami nzima, na muuza maziwa aliyekuwa nyuma kwa pikipiki akateleza, akavunjika mguu, maziwa na oili vikatiririka pamoja mtaroni. Shemeji hakumwinua, aliliacha gari pale akampita pembeni kwa miguu, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeshasikia kutoka kinywani mwake kwamba turbo ya Gasketi ni bomu, wateja wakaja kuchukua magari yao bila kumtazama usoni.

Marehemu aliifungua injini mbele ya shemeji huyo, akaukuta ule mpira mwembamba umezibwa kwa skrubu.

"Shemeji, nani kaziba huu?"

"Nilitaka ivute kidogo tu, shem. Sikujua."

"Hukujua kuziba, au hukujua kwamba mtu aliyelala lami ni mtu? Na ule uongo, nao uliropoka bila kujua?"

Shemeji akacheka, akasema mambo ya gari yabaki ya gari, na marehemu akatema mate chini, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya, akaenda kunawa mikono kwa sabuni, na hata oili ilipokwisha kutoka akaendelea kunawa.

Tangu hapo alimtembelea muuza maziwa hospitalini mpaka alipotembea tena, akaiunda upya injini ile, nayo haikupasuka tena, ila hakuketi meza moja na shemeji, na mama alipombembeleza alijibu, "Kumsamehe nimemsamehe, mama watoto, lakini kula naye siwezi, koo linakataa."

Mwezi Septemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa kwa matumaini, kisha kwa maumivu, na shemeji alipofika wodini alimnong'oneza, "Shem, tuyamalize, watu wanatuangalia," naye akamjibu, "Nenda kayamalize na mwenye mguu," kisha akageukia ukutani. Muuza maziwa, aliyeketi mbele hapa pamoja na familia, anathibitisha kwamba hadi leo shemeji hajamwendea.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Juzi nilimuuliza mama kama niliruke jambo la shemeji, maana ni damu yake, mama akakunja kanga yake, akasema, "Ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Lisome, na asikie akiwa ameketi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliopika na kukesha, na mafundi wenzake wa karakana ambao hata pale mtaa ulipomkimbia mliendelea kuja uani kwake. Wewe, Baba, ukweli umesomwa mbele ya wote, na jina lako limerudi mikononi mwako, likiwa safi. Pumzika kwa amani.